Beleshi Lililooshwa

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya kutunza wagonjwa, na hasa ninyi wa kanisani mnaonizunguka kila Jumapili mkiniuliza, "Nyanya, ile kazi uliiwezaje?", nimekaa chini niwaandikie. Msitegemee Kiswahili cha mwalimu. Shule niliiacha darasa la nne, baba alipougua, na kalamu nimeishika zaidi hapa Minnesota kuliko nilivyoishika kule Kisii. Lakini jina la mtu silipotezi. Ukiniambia jina lako leo, hata tukikutana kwenye foleni ya dukani baada ya miaka nitakuita, na nitakuuliza mama yako anaendeleaje.

Nilifanya kazi nyumba moja kule Fridley, nyumba ya kawaida tu ya mtaani, yenye gereji na mti wa mbele, ila waliokaa ndani walikuwa watu wazima wenye ugonjwa wa akili. Tulipika, tulifua, tuliwapa dawa, tuliwapeleka kwa daktari, tukakaa nao. Hicho cha mwisho ndicho kazi yenyewe. Vingine vyote hata mashine zitakuja kuvifanya.

Aliyenifundisha ni Earline, mama Mweusi wa hapa hapa Saint Paul, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Asubuhi yangu ya kwanza niliingia mbio, nikavua viatu, nikaenda moja kwa moja kwenye kabati ya dawa nionekane mchapakazi. Earline akaweka kikombe chake chini.

"Rudi nje," akasema.

Nikajua nimefutwa kazi. Nikaanza kuvaa viatu, machozi karibu.

"Nani kakwambia uende kwenu? Nimesema toka nje, halafu uingie tena. Umeingia kama mtu aliyekuja kuchukua makochi. Humu mna watu. Wasalimie."

Nilisimama pale barazani kwenye baridi nikicheka peke yangu. Kwetu, ukiingia chumba chenye watu ishirini, unapeana mkono na wote ishirini, na kila mmoja unamuuliza za nyumbani, hata kama una haraka. Nilikuwa nimeambiwa Wazungu hawapendi. Basi nikaingia tena, nikampa mkono kila mtu. Patricia akanishika asiniachie. Gerald alinikatalia, akaweka mikono kwapani, na akaendelea kunikatalia mpaka theluji ikayeyuka. Siku aliyonipa mkono nilikaangia nyumba nzima mandazi.

Majina yao ya kwanza ndiyo nitakayotumia. Ya pili yabaki kwangu.

Gerald ndiye aliyenifundisha kwamba mgonjwa si mjinga. Alikuwa akisikia amri kutoka kwenye redio iliyozimwa. Aliamini kabisa. Lakini sigara zake alizificha kwenye kopo la sukari, na alizivuta siku za Earline kuwa likizo tu, kwa sababu alijua mimi mgeni naogopa kugombana. Nikamwambia Earline, "Huyu anajifanya." Akanitazama kama aliyeonja chai isiyo na sukari. "Hajifanyi. Anaumwa, na ana akili. Vyote viwili vinakaa kwenye kiti kimoja. Zoea."

Patricia naye alinifundisha upande wa pili. Siku zake mbaya hakujua mwaka wala mji. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa, na mimi niliitika. Lakini akimaliza chai, hata siku ile mbaya kuliko zote, siku alipoona moto kwenye kuta, alisuuza kikombe, akakifuta, akakipindua juu ya kitambaa, mkono wa kikombe ukitazama ukutani. Kila siku. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo akiwa mtoto. Earline akasema, "Unaona? Ugonjwa umechukua kichwa, mikono umeiacha." Kumbukeni maneno hayo. Nitayarudia.

Siku hizi mna vishikwambi. Sisi tulianza na karatasi na kalamu iliyofungwa kamba ili isiibwe. Vilipoletwa hivyo vya kubonyeza, siku ya kwanza nilibonyeza sehemu fulani, na kompyuta ikatangaza kwamba Gerald amehama. Nesi mkuu akapiga simu amejaa hofu: Gerald amehamia wapi? Nikamwambia, "Yuko hapa mbele yangu, anakula pankeki." Gerald akaichukua ile simu akasema kwa heshima, "Mama, nikihama nitakuaga." Tulicheka wiki nzima. Kwa hiyo msiwacheke wazee kwenye mashine, na nyinyi msiamini kila mashine inachosema kuhusu mtu aliyekaa mbele yenu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusunusu. Nilikuwa nimeshastaafu, magoti yamenikataa, nakaa na binti yangu. Ikaja bahasha ya kaunti. Mjukuu wangu Moraa akaisoma akapiga kelele. Huyo mtoto nikimwambia kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo hata Kiswahili kilimtoka.

"Nyanya! Umeitwa juri!"

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Wewe ndio utaamua nani amefanya."

Kwa ambao hamjaitwa bado: hapa mahakamani jaji haamui peke yake. Wanachaguliwa raia kumi na wawili, watu wa mitaani tu, wasikilize kesi, wafungiwe chumbani, wakubaliane wote. Sikulala vizuri. Mimi, wa darasa la nne, niliyeapa uraia nikitetemeka, nimhukumu mtu?

Wakatuhoji kwanza. Mwendesha mashtaka, kijana nadhifu, aliposikia kazi niliyokuwa nikifanya akasimama wima. "Mama, watu wenye ugonjwa wa akili unawaonea huruma?"

Nikamwambia, "Nawaonea huruma. Lakini kabati ya dawa naifunga."

Jaji, mama mwenye nywele nyeupe, akainamia karatasi zake. Wakili wa utetezi akatabasamu, mwendesha mashtaka pia akatabasamu, na kila mmoja nafikiri alidhani mimi ni wake. Nikapewa kiti namba saba.

Kosa langu nililifanya mapema sana. Siku iliyofuata nilikuja na mandazi kwenye bakuli la plastiki na chai kwenye chupa. Askari wa mlangoni waliipitisha ile chupa kwenye mashine yao mara kadhaa wakiitazama kama bomu, nikawaachia mandazi mawili wakaniruhusu. Kule ukumbini nikaona mzee amekaa peke yake kwenye benchi, ana fimbo, jicho moja limefunikwa. Mzee amekaa peke yake, mimi nina chakula mkononi, nimpite? Nikampa mkono, nikafungua bakuli. Nikamwambia karibu. Akatazama ndani ya bakuli kwa muda, akasema asante, hapana.

Nikaingia. Tukakaa. Shahidi wa kwanza akaitwa, na anayekokota mguu kuelekea kwenye kile kiti ni mzee wangu wa mandazi.

Jina lake Arnold. Ndiye aliyepigwa. Na aliyeshtakiwa kwa kumpiga, aliyekaa kando ya wakili akiwa na shati lililomzidi, ni mwanawe, Wesley.

Tulipopumzika nilimfuata Carl, askari wetu wa mahakama, nikamwambia nilichofanya. Akashika kipaji cha uso. Wakaniita mbele ya jaji na mawakili wote, bila wenzangu.

"Mlizungumza nini na shahidi?" jaji akauliza.

"Nilimwambia karibu mandazi. Akasema asante, hapana."

"Kitu kingine chochote?"

"Nilimwambia yana iliki."

Mwendesha mashtaka akakohoa ndani ya mkono. Jaji akanieleza polepole, bila kunidharau, na kwa hilo namshukuru mpaka leo: mwanajuri hasalimiani na mtu yeyote wa kesi, hata kwa wema, kwa sababu upande wa pili wataona ameshachagua. Je, naweza kumsikiliza yule mzee kama shahidi mwingine yeyote? Nikasema naweza. Wakanibakisha. Lakini nawaambia, ni kazi ngumu kuliko kuinua mgonjwa. Kila asubuhi Arnold yuko pale kwenye benchi yake, nampita nikitazama sakafu. Kwetu huo ni uadui.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wesley, mtu wa makamo, alikaa na baba yake kwenye nyumba ndogo. Alikuwa mgonjwa tangu ujana, na alikuwa ameacha dawa. Kwa majuma aliwaambia majirani kwamba huyu mzee wa ndani si baba yake. Ni mtu mwingine aliyevaa sura ya baba. Baba wa kweli amefichwa, na atauawa kama hataokolewa. Alasiri moja baada ya theluji, Arnold akiwa nje anasafisha njia ya gereji, Wesley alimnyang'anya beleshi akampiga nalo kichwani. Mzee akaanguka pale pale kwenye theluji.

Kisha Wesley akaingia jikoni na lile beleshi. Akaliosha kwa maji ya moto, akalifuta kwa kitambaa, akalitundika gerejini kwenye msumari wake. Halafu akachukua simu akampigia baba yake.

Simu ikalia ndani ya mfuko wa koti la mzee aliyelala kwenye theluji.

Jirani aliisikia ikilia, ndipo akatoka akaona. Na Wesley, kwa kuwa haikupokelewa, aliacha ujumbe wa sauti. Walitusikilizisha. "Baba, rudi nyumbani. Nimemshika yule aliyejifanya wewe. Rudi sasa, mlango uko wazi." Sauti yake ilikuwa ya furaha. Hiyo ndiyo iliyonikaa kifuani, furaha. Polisi walipofika wakamuuliza, akajibu, "Baba yangu sijamgusa. Hayupo."

Jaji alitupa kesi kwa mafungu mawili. La kwanza: alipiga au hakupiga? Hilo lilikwisha haraka, hakuna aliyebisha. La pili ndilo lenye miiba. Sikilizeni vizuri, maana hata mimi na kazi yangu yote nilikuwa sijui. Sheria ya hapa haiulizi kama mtu ni mgonjwa. Unaweza kuwa mgonjwa kabisa na bado ukaenda jela. Inauliza: ule ugonjwa, saa ile, ulimfanya asijue anachofanya, au asijue kwamba ni kosa? Na ni upande wake ndio wenye mzigo wa kuonyesha, si lazima bila shaka yoyote, bali kwamba mizani imeinamia huko. Madaktari wawili walikuja na masomo yao, mmoja akasema alijua, mwingine akasema hakujua, wote wawili kwa upole. Basi mzigo ukaturudia sisi.

Kama alijua, jela, na miaka mingi. Kama hakujua, tuseme hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili.

Chumba chetu kilikuwa na meza ndefu na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Wenzangu walikuwa wanaitana kwa namba. "Namba nne anasemaje?" Nikashindwa. Nikazunguka meza nikampa kila mmoja mkono nikimuuliza jina na nyumbani kwake. Wakacheka, lakini wakajibu. Ninawajua wote mpaka leo. Hapa nitawatajia watatu tu, msije mkachanganyikiwa. Lyle, mstaafu kutoka Savage, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye maghala ya nafaka kando ya mto, mikono kama mizizi. Denise, mama mwenye watoto wadogo, mfanyakazi wa ofisi. Na Tou, kijana wa Kihmong, jamii iliyotoka milima ya Laos, anayepanga mizigo kwenye ghala kule Eagan, ambaye siku zote za ushahidi alikuwa kimya nikadhani amelala.

Tulipoinua mikono mara ya kwanza, wengi tulisema alijua. Ndiyo, tulisema, na mimi nimo. Nilikuwa namwona Gerald na kopo lake la sukari. Mgonjwa si mjinga. Aliyeosha beleshi anajua kuna kitu cha kuosha.

"Ameosha ushahidi," Denise akasema. "Halafu akawadanganya polisi. Mimi ningefanya hivyo hivyo kama ningekuwa muuaji."

"Mzee hakufa," mtu akasema.

"Unanielewa."

Ndipo Tou akafumbua mdomo. Alisema akitazama meza. "Samahani. Mimi nikivunja kitu pale ghalani nikitaka kuficha, sitampigia simu msimamizi. Huyu alimpigia baba yake. Kama alijua amempiga baba yake, alikuwa anampigia nani?"

"Mjanja anaweza kupiga simu ya kujikinga," Denise akasema, lakini taratibu.

"Kwa sauti ile?" Tou akauliza.

Na ule uongo kwa polisi, nikawaza mimi. Kama baba yako yuko mahali pengine, basi kusema "baba yangu sijamgusa" si uongo. Nikasema hivyo kwa Kiingereza changu kinachochechemea, na hakuna aliyecheka.

Lakini Lyle alikuwa mgumu, na sababu yake ilikuwa nzuri, hilo lazima niliseme. Akagonga meza kwa kidole. "Haya. Tuseme aliamini ni mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine inaruhusiwa kumpasua kichwa? Mimi nikimkuta tapeli nyumbani kwangu napiga simu polisi. Kupiga mtu beleshi ni kosa, awe baba, awe tapeli. Na alijua ni kosa, ndiyo maana akaosha. Mnaweza kuniambia yote, lile beleshi hamjaniambia."

Siku ile tulienda nyumbani tumekwama. Kabla ya kutoka tulimwandikia jaji pia swali la Denise: tukisema ni mgonjwa, je, Jumatatu atakuwa barabarani? Jaji akajibu kwamba yanayofuata baada ya uamuzi ni kazi ya mahakama, yetu ni kusema kilichothibitishwa. Denise akasoma lile jibu, akalisukuma katikati ya meza. "Kwa hiyo tufumbe macho," akasema. Sikumlaumu. Ana watoto.

Usiku ule theluji ilianguka. Asubuhi nilifika mapema, Lyle alikuwa keshafika, anapuliza kahawa. Nikampa mkono kama kawaida.

"Lyle, za nyumbani?"

Siku za kwanza alikuwa akijibu neno moja. Lakini ukimuuliza mtu za nyumbani kila asubuhi na ukasubiri jibu, mwishowe atakupa jibu.

"Mgongo," akasema. "Nimesafisha njia kabla ya kuja. Halafu, mama, nilikuwa nimechelewa, gari linanguruma, na bado nimesimama gerejini nafuta beleshi kwa tambara. Baba alikuwa akitupiga tukirudisha chombo kichafu. Amekufa miaka na miaka, na mimi bado ..."

Kikombe kikabaki hewani.

"Yule mzee alisema hivyo," akasema. "Arnold. Siku ya kwanza kabisa. Alipoulizwa kuhusu gereji yake."

Hata mimi nikakumbuka. Wakili alimuuliza vyombo vinakaa wapi, na Arnold akajibu kama anajibu jambo dogo: kila kimoja na msumari wake, na nyumbani kwangu chombo kinarudi kikiwa safi, nilimfundisha Wesley hivyo kabla hajaweza kusoma. Lilipita. Hakuna aliyelishika.

Nilitaka kusema, lakini sheria ni kwamba tusijadili mpaka wote wawepo. Nikamwambia Lyle, "Ngoja wenzetu." Tukakaa wazee wawili tukitazamana, kila mmoja na mdomo umejaa.

Walipofika wote Lyle akasimama. Hakuwa mtu wa kusimama. Akawaeleza tambara lake na baba yake. Akasema, "Mtu anayejua amefanya kosa analitupa beleshi kwenye theluji akimbie. Au analitupa mtoni. Huyu aliliosha kwa maji ya moto, akalifuta likakauka, akalitundika kwenye msumari wake. Akapiga simu, akaacha mlango wazi. Hakuwa anaficha." Akaketi. "Alikuwa anamsubiri mwenye beleshi."

Denise akauliza, si kwa ubishi, "Lakini mtu aliyechanganyikiwa kiasi hicho anawezaje kukumbuka kufuta beleshi?"

Ndipo nikawaambia habari za Patricia. Jaji alisema tutumie busara tuliyoipata maishani, na hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Nikawaambia kuhusu moto aliouona ukutani na kikombe alichokisuuza, mkono wa kikombe ukitazama ukutani. Nikawaambia maneno ya Earline. Ugonjwa huchukua kichwa, mikono huiacha. Nikasema mimi mwenyewe jana niliinua mkono kinyume, kwa ajili ya Gerald, na Gerald si Wesley. Gerald alificha sigara kwa sababu alijua ni zipi na ni za nani na nani atakasirika. Wesley hakujua hata ni nani aliyelala pale nje.

Hatukumaliza kwa mara moja. Tulisikiliza tena ule ujumbe wa simu. Tulirudia tena maneno ya jaji kuhusu mizani. Denise ndiye aliyekuwa wa mwisho, na hakuna aliyemharakisha. Tou alimletea maji. Mwishowe akasema, "Aliamini anamwokoa baba yake. Siwezi kusema nimeonyeshwa vingine." Akainua mkono huku anajifuta machozi, na ule mkono nauheshimu kuliko wangu, kwa sababu aliuinua akiwa bado na hofu.

Uamuzi ulisomwa. Wesley hakuonekana kuelewa, akamtazama wakili wake. Arnold alifunika uso kwa kofia. Kisha jaji akatueleza kile ambacho hakuweza kutueleza kabla: Wesley haendi nyumbani. Atapelekwa hospitali iliyofungwa, na mahakama nyingine itaangalia hali yake, na huenda ikawa kwa muda mrefu sana. Nilisikia Denise nyuma yangu anatoa pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Wajukuu wangu, watu huniuliza kama niliogopa. Niliogopa. Lakini kilichobaki ni shukrani, na sijui niipeleke wapi yote. Namshukuru Earline, Mungu amweke pema, aliyenirudisha nje ili niingie upya. Namshukuru Patricia kwa kikombe na Gerald kwa sigara. Namshukuru Tou, aliyeuliza swali ambalo mimi na miaka yangu yote ya kazi sikuliuliza. Namshukuru Lyle, ambaye hakukubali mpaka alipoona. Na naishukuru nchi hii ya baridi, iliyomweka mwanamke wa darasa la nne kwenye meza ile na kumsubiri amalize sentensi yake.

Jaji alipotuachia alisema sasa tu huru kuzungumza na yeyote. Nikatokea ukumbini na mkoba wangu, Moraa akiningojea chini na gari. Arnold alikuwa kwenye benchi yake ile ile. Safari hii sikutazama sakafu. Nikasimama mbele yake, nikampa mkono.

Akaushika, akaushikilia. Jicho lake lile moja lilikuwa jekundu.

"Mama," akasema, "yale mandazi yako bado yapo?"

Lilikuwa limebaki moja, la asubuhi ile, limeshapoa. Nikamwambia limepoa. Akasema si kitu. Akalipasua katikati kwa vidole, taratibu, akala nusu moja huku akitazama mlango alikopitishwa Wesley. Akamwuliza Carl, yule askari wetu aliyesimama karibu, kama ile nusu nyingine inaweza kumfikia mwanawe. Carl akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba hairuhusiwi, si leo.

"Basi siku watakayoniruhusu," Arnold akasema.

Akaifunga ile nusu kwenye karatasi ya tishu, akaifungua zipu ya koti lake, akaiweka kwenye mfuko ule ambamo simu ililia.